Kompyuta Inapokataa Kuamka Baada ya Kubadilishwa Diski

Zamani karani wa kikosi alifahamika kwa daftari lake. Mikononi mwake zilikuwamo orodha za askari, hesabu za sare, posho, likizo na majina ya wategemezi wa wale waliofariki wakiwa kazini. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya kompyuta, na kompyuta nayo huliweka ndani ya diski. Kwa hiyo diski ikifa, hafi chuma peke yake. Humo mna haki za watu, na wengi wao hawajawahi kuiona kompyuta hiyo wala hawajui imewekwa chumba gani.

Kila diski ina mwisho wake. Zile za kale zina sahani zinazozunguka kwa kasi, nyingi zikifanya mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na chuma kinachozunguka hivyo mwaka baada ya mwaka hakikosi kuchoka. Ndiyo sababu ofisi nyingi zimeanza kuziondoa diski hizo na kuweka zile mpya zisizo na kitu kinachozunguka, zijulikanazo kwa jina la SSD. Hatua hiyo ni njema, kwa kuwa kompyuta iliyokuwa ikijikokota hupata wepesi kama wa kuruta aliyeshiba. Lakini kuna balaa moja linaloandamana na kazi hiyo mara kwa mara, nalo ndilo tunalotaka kulieleza leo: diski inadurufiwa, mpya inafungwa mahali pake, mtu anabonyeza kitufe, na kompyuta inakataa kuamka.

MAANA YA KUDURUFU DISKI

Wengi hudhani kwamba kudurufu diski ni sawa na kunakili mafaili kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Sivyo. Ukinakili mafaili umechukua barua, picha na hesabu tu. Ukidurufu diski unachukua kila kitu: Windows yenyewe, programu zote, maneno ya siri yaliyohifadhiwa, na hata vile vifungu vidogo vilivyofichwa ambavyo mtumiaji havioni. Diski ya pili inatakiwa iwe pacha wa ile ya kwanza.

Kazi hii ilienea duniani baada ya mwaka 1995, pale Murray Haszard wa New Zealand alipoitunga programu iitwayo Ghost. Kampuni ya Symantec iliinunua mwaka 1998, na kwa miaka mingi mafundi walipotaka kusema "durufu diski hii" walisema tu "ipige Ghost". Toleo lake la matumizi ya nyumbani limekwisha kuachwa, lakini ziko programu nyingine zilizoshika nafasi yake. Mojawapo ni Clonezilla iliyotengenezwa Taiwan, nayo hutolewa bure.

KOMPYUTA HUAMKAJE?

Hatuwezi kumtibu mgonjwa tusiyejua mwili wake unavyofanya kazi. Tuangalie basi kompyuta inavyoamka. Askari hatapata shida kuelewa jambo hili, kwa kuwa linafanana sana na makabidhiano ya lindo.

Umeme unapoingia, wa kwanza kuamka ni programu ndogo iliyomo katika bodi kuu. Katika kompyuta za tangu mwaka 1981, IBM ilipoitoa PC yake, programu hiyo iliitwa BIOS. Katika kompyuta nyingi za leo ni ile iitwayo UEFI. Programu hii haiijui Windows kwa undani. Kazi yake ni kukagua vifaa, kumtafuta mlinzi anayefuata, na kumkabidhi zamu.

Katika mtindo wa kale, mlinzi huyo alikaa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni eneo la programu ya kuamshia, 64 zinazofuata ni orodha ya mafungu ya diski, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Ndani ya zile 446 kuna baiti 4 ambazo Windows huzitumia kama namba ya utambulisho ya diski, mfano wa namba ya jeshi ya askari.

Katika mtindo wa sasa, UEFI hutafuta fungu dogo lililotengwa kwa kazi hiyo. Katika kompyuta nyingi za Windows fungu hilo lina megabaiti 100 hivi. Ndani yake imo programu ya kuamshia pamoja na daftari linaloeleza Windows iko fungu gani la diski gani. Daftari hilo huitwa BCD, na lilianza kutumika katika Windows Vista. Baada ya kulisoma, mlinzi wa pili huikabidhi zamu Windows yenyewe, na hapo ndipo mtumiaji anapoona sura aliyoizoea.

Kwa hiyo kuna walinzi watatu. Akikosekana mmoja, au akipewa jina la mtu asiyekuwapo, makabidhiano hukwama. Windows inaweza kuwa imelala salama salimini ndani ya diski mpya, pamoja na mafaili yote, ilhali hakuna wa kuiamsha. Tunaomba wasomaji walishike neno hili, kwa maana ndilo litakalowaokoa na hofu: kompyuta kukataa kuamka si dalili kwamba kumbukumbu zimepotea.

KISA CHA OFISI MOJA

Tulishuhudia mfano wa jambo hili katika ofisi ya kikosi kimoja ambacho hatutakitaja. Kompyuta ya karani ilikuwa imeanza kuchukua karibu robo saa kabla ya kufungua orodha moja. Humo ndani mlikuwa na majina ya wajane na mayatima, yaliyotakiwa kupelekwa makao makuu siku ya Jumatatu ili madai yao yashughulikiwe. Ilikuwa Ijumaa. Fundi wa mjini aliitwa, akaidurufu diski, akaiwasha kompyuta diski zote mbili zikiwa zimeungwa, nayo ikaamka vizuri. Akalipwa, akaondoka.

Jioni, diski ya zamani ilipofunguliwa na kuwekwa kabatini, kompyuta iliandika kwenye kioo kwamba hakuna kifaa cha kuamkia. Koplo aliyekuwa karani alikaa kimya kitambo. Askari mmoja akashauri Windows iwekwe upya mara moja, kwa nia njema kabisa. Lau ushauri ule ungefuatwa, na kwa pupa fungu lile likasafishwa, nakala mpya ingefutika yote, na tegemeo lingebaki kwenye diski ya zamani iliyokuwa mahututi.

Aliyeizuia hatari hiyo ni sajini wa mawasiliano. Alipoingia hakugusa kitu. Aliuliza kwanza, "Ile ya zamani iko wapi?"

"Iko kabatini, afande."

"Ibaki huko huko. Hakuna kuiunga wala kuiandika kitu mpaka hii mpya isimame yenyewe."

Kisha akauliza fundi alidurufu nini hasa. Ikabainika kwamba alichukua fungu kubwa la C peke yake. Lile fungu dogo la kuamshia liliachwa kwenye diski ya zamani. Hapo fumbo likafumbuka: mchana kompyuta iliamka kwa sababu mlinzi wa diski ya zamani alikuwa bado yumo ndani, akiifanyia kazi diski mpya. Alipoondolewa, hakubaki wa kufungua lango.

Fundisho la kwanza basi ni hili. Kompyuta iliyoamka diski mbili zikiwamo haijathibitisha lolote. Ikishadurufiwa, izimwe, diski ya zamani itolewe, kisha iwashwe ikiwa na mpya peke yake. Mtihani ni huo, na kazi isilipwe kabla ya kufaulu.

SABABU ZINAZOJITOKEZA MARA NYINGI

Mbali na kuachwa kwa fungu la kuamshia, ziko sababu nyingine nne ambazo mafundi hukutana nazo.

Ya kwanza ni namba ya utambulisho. Diski pacha hubeba namba ile ile, nasi tunajua fujo itakayotokea kwenye gwaride endapo askari wawili wataitikia namba moja. Windows ikiona jambo hilo huiweka diski mojawapo kando, na ikilazimishwa kuitumia huipa namba mpya. Baadaye daftari la BCD linaitafuta namba ya kale na haliioni. Aghalabu kioo huonyesha alama 0xc000000e.

Ya pili ni mitindo kutolingana. Diski iliyopangwa kwa mtindo wa BIOS haiwezi kuamshwa na kompyuta iliyowekwa kukubali UEFI peke yake, na kinyume chake ni hivyo hivyo.

Ya tatu ni draiva. Mtu akitoka katika diski ya kebo ya SATA na kuingia katika ile nyembamba inayochomekwa juu ya bodi, ya aina ya NVMe, Windows inaweza kuanza kuamka kisha ikaanguka kwenye kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Maana yake imekabidhiwa zamu, lakini haijui njia ya kuifikia diski yake.

Ya nne ni diski ya zamani kuwa na sekta mbovu. Hapo nakala inakuwa na matundu kama nguo iliyoliwa na nondo, na tundu likiangukia faili la Windows, kuamka ni bahati.

HATUA ZA UOKOAJI

Sasa tueleze uokoaji, tukianza na lililo jepesi. Askari mwenye busara hapigi mzinga pale panapotosha kubisha hodi.

Kwanza, iache diski mpya peke yake ndani ya kompyuta. Ondoa diski nyingine zote na flashi zote. Hakikisha kebo imeingia sawasawa. Ikiwezekana, ichomeke diski mpya mahali pale pale palipokuwa na ya zamani.

Pili, ingia katika mipangilio ya BIOS au UEFI kwa kubonyeza kitufe kinachotajwa kwenye kioo mara tu unapowasha. Mara nyingi ni F2 au Delete. Angalia kama diski mpya inaonekana, na kama imewekwa ya kwanza katika safu ya kuamkia. Angalia pia kama mtindo ni ule ule uliotumika awali. Kompyuta kadha wa kadha hupona hapa, bila bisibisi wala amri yoyote.

Tatu, kama bado, tafuta flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, uitengeneze kwenye kompyuta nyingine iwe ya kuwekea Windows. Amsha kompyuta kwa flashi hiyo. Ukifika mwanzo, chagua kurekebisha kompyuta. Usichague kuweka Windows upya. Jaribu kwanza urekebishaji wa kuamka unaofanywa na Windows yenyewe, na uupe nafasi zaidi ya mara moja.

Nne, ukishindwa, fungua dirisha la amri. Katika ukurasa wa mwanzo wa flashi hiyo vitufe vya Shift na F10 vikibonyezwa pamoja hulifungua. Andika diskpart, kisha list disk, kisha list volume. Soma kwa makini. Herufi za mafungu hapa zinaweza kutofautiana na zile ulizozizoea, hata Windows iliyokuwa C ikaitwa D. Hakikisha kwa kuandika dir na herufi ya fungu nje ya diskpart, mpaka uuone mfuko wa Windows kwa macho yako. Katika hatua hii macho mawili hayatoshi. Mwite mwenzako asome nawe, kwa kuwa amri iliyotumwa kwa diski isiyo yake haina cha kuirudisha.

Tano, ikiwa fungu dogo la kuamshia lipo, lichague ndani ya diskpart na ulipe herufi, kwa mfano kwa amri assign letter=S. Toka, kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Amri hii moja hurudisha programu ya kuamshia na kuandika daftari jipya la BCD linaloitambua diski ilivyo sasa. Kwa hiyo inaponya pia ule ugonjwa wa namba kubadilika.

Kama fungu hilo halipo, kama ilivyokuwa kwa karani wetu, hutengenezwa. Sajini alilichagua fungu la Windows, akalipunguza kwa amri shrink desired=300, akaandika create partition efi size=200, akalisafisha fungu hilo jipya kwa format quick fs=fat32, akalipa herufi S, kisha akatoka na kuandika amri ile ya bcdboot. Haya hufanyika katika diski iliyopangwa kwa mtindo wa GPT, ambao ndio unaokwenda na UEFI.

Diski ya mtindo wa kale ina dawa yake. Fungu lenye programu ya kuamshia lichaguliwe katika diskpart na kuandikiwa active, kisha nje ya diskpart ziandikwe bootrec /fixmbr na bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS, ikiwa fungu hilo ndilo C. Mwenye kutaka kuihamisha diski ya kale kwenda mtindo mpya, iko programu ya mbr2gpt iliyoingizwa katika Windows 10 mwaka 2017. Aanze na /validate kabla ya /convert.

Sita, ikiwa ni kioo cha buluu cha INACCESSIBLE BOOT DEVICE, rudi kwenye mipangilio ya UEFI uone kama njia ya kuendeshea diski imebadilishwa kati ya AHCI na RAID, uirudishe ilivyokuwa. Kisha iamshe Windows mara moja katika ile hali yake ya usalama, iitwayo Safe Mode. Humo huruhusu draiva za diski za aina mbalimbali zianze. Ikishaamka hivyo mara moja, mara nyingi huamka kawaida baadaye.

Saba, wapo watakaoulizwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Hiyo ni kufuli ya kuficha yaliyomo, na inapoona diski au njia ya kuamka imebadilika hushuku mgeni. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa kuifungua. Ni wajibu wa kila ofisi kuuandika ufunguo na kuuhifadhi kwenye sefu, na kuisimamisha kufuli hiyo kabla ya kuanza kudurufu.

Katika kisa chetu, hatua ya tano ilitosha. Kompyuta ilipowashwa, diski mpya ikiwa peke yake, iliamka.

"Afande, imewaka!" alisema koplo.

"Usifurahi bado. Fungua orodha. Hesabu majina."

Yalihesabiwa, yakalinganishwa na karatasi zilizokuwa na mhuri, yakatimia. Jumatatu orodha ikapelekwa.

DISKI ILIYO MAHUTUTI

Diski inayogonga-gonga ndani, au inayopotea na kurudi, isishughulikiwe kama nyingine. Kila dakika inayowaka inapoteza nguvu. Hapo kazi ya kwanza ni kuyaokoa mafaili yenye thamani. Programu iitwayo ddrescue inafaa kwa hali hiyo, kwa kuwa huchukua kwanza sehemu nzima, ikaziacha sekta mbovu mpaka mwisho, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia hata umeme ukikatika. Umeme wenyewe usisahauliwe. Kudurufu kunakokatizwa katikati huzaa pacha asiyetimia.

NENO KWA POLISI

Wenzetu wa polisi wana jambo lao zaidi. Kompyuta iliyokamatwa kwa mtuhumiwa si kompyuta ya kutengenezwa. Isiwashwe ili "kuangalia tu", kwani Windows ikiamka huandika mambo mengi yenyewe, na ushahidi hubadilika. Diski kama hiyo huungwa kupitia kifaa kinachozuia kuandikwa, hudurufiwa sekta kwa sekta, kisha asili na nakala hupigiwa hesabu ya SHA-256, ambayo hutoa alama 64. Alama hizo zikilingana, nakala ni pacha wa kweli. Uchunguzi hufanywa juu ya nakala, na asili hufungwa kwa lakiri. Wakili hodari hatauliza kama askari alikuwa na nia njema. Atauliza ni nani aliyeigusa diski, saa ngapi, na kwa kifaa gani.

BAADA YA USHINDI

Kompyuta ikishaamka, diski ya zamani isitupwe wala kupewa mtoto wa jirani achezee. Iwekwe chini ya kufuli kwa majuma kadhaa, mpaka iwe wazi kwamba mpya haina upungufu. Kisha ifutwe kikamilifu. Kwa diski za sahani, amri ya clean all ndani ya diskpart huandika sifuri katika kila sekta. Kwa SSD, itumike njia ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji wake. Majina, akaunti na makazi ya watu yanalindwa hapa Uganda na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria hiyo, ni siri za wenzetu tuliokula nao chungu kimoja.

Ndugu wasomaji, haya yote yana chanzo kimoja: nakala moja peke yake haitoshi. Ofisi yenye nakala ya pili ya mafaili yake, iliyowekwa chumba kingine na kujaribiwa kila mwezi kama inafunguka, haitatetemeka diski ikikataa kuamka. Isiyo nayo inacheza na haki za watu. Tunawahimiza makamanda na wakuu wa vituo waulize swali hili wanapokagua ofisi zao, kama wanavyouliza hesabu ya risasi katika ghala: nakala ya pili iko wapi, na ni lini ilijaribiwa mara ya mwisho? Karani atakayejibu bila kusita anastahili sifa. Atakayesita apewe diski ya pili wiki hiyo hiyo, na mtu wa kumfundisha kuitumia.